PS imekufa, PC imeshinda? Tuanze na nyavu za mkopo

Jumamosi moja mvua ilinikuta Nyakato, hapa Mwanza, nikajibanza kwenye kibanda cha gemu. Runinga nne, PS4 tatu, na PS3 moja ambayo pedi yake ya pili imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Haikuchukua muda umeme ukakatika, na vijana waliokuwa wameshalipia mechi wakabaki wameshika pedi za mashine zilizozimika. Mechi ikafa, ubishi ukazaliwa. Mmoja alikuwa amesoma kwenye simu kwamba Xbox "imekufa" na kwamba gemu zote zinahamia kwenye kompyuta. Mwenzake akaitaja gemu mpya inayosubiriwa, akamkata: "GTA 6 haiji PC, kaka. Sasa hiyo PC ni ya nini?" Mwenye kibanda alikuwa kimya muda wote, kisha akauliza lake: "Mimi nataka kuongeza mashine mbili mwaka huu. Niongeze zipi?"

Umeme ulirudi kabla hajajibiwa, na hakuna aliyemkumbuka tena. Nimeondoka pale na swali lake.

Tukubaliane maneno kwanza. Hapa kwetu "PS" ni jina la kila kitu; hata Xbox ikiwekwa mezani, mtoto atamwambia mama yake anaenda kucheza PS. Jina la jumla ni konsoli: kisanduku kinachotengenezwa na kampuni moja kwa ajili ya gemu, unakichomeka kwenye runinga, unashika pedi, basi. Sony wana PlayStation, Microsoft wana Xbox, Nintendo wana Switch. PC ni kompyuta, ya mezani au laptopu, ndugu wa ile inayochapa barua za maombi ya kazi pale steshenari, ila imeongezewa nguvu ya kuchora picha.

Nguvu hiyo ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo tukae nayo kidogo. Picha ya kawaida kwenye kioo ni vidoti 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani vidoti zaidi ya milioni mbili, na gemu nzuri inavichora upya mara 60 kwa sekunde. Ndani ya mashine kuna prosesa, ambayo ni kama nahodha: hodari, anafikiri haraka, lakini ni mtu mmoja au wachache. Ukimpa nahodha kazi ya kuanika dagaa ufukwe mzima, jua litazama hajafika nusu. Kazi ya kuanika wanaifanya watu wengi kwa pamoja, kila mmoja na kipande chake cha mchanga, na hakuna anayehitaji akili ya nahodha. Hao wengi ndio kadi ya picha. Ramu ni ule ufukwe wenyewe, nafasi ya kuwekea mzigo wakati kazi inaendelea.

Ndiyo maana muuzaji akikwambia "hii ina ramu 16, inacheza gemu zote", bado hajakwambia kitu. Ufukwe mkubwa usio na waanikaji ni mchanga tu. Muulize kadi ya picha ni ipi. Mimi niliwahi kununua laptopu kwa maneno hayohayo, kwenye duka ambalo sitalitaja, na ilifungua Excel kwa kasi ya ajabu.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: konsoli nayo ina nahodha, waanikaji na ufukwe. Tangu Novemba 2013, PS4 na Xbox One zilipotoka, zote mbili zilitumia chipu za AMD za ukoo uleule wa chipu za kompyuta za kawaida. PS5 ya mwaka 2020 ni hivyo hivyo. PS ya leo ni kompyuta iliyovaa sare.

Kama ni ndugu, ugomvi unatoka wapi?

Nenda Mwaloni, Kirumba, ukae na wavuvi. Utasikia habari ya tajiri anayempa mvuvi nyavu na mafuta ya injini bila kumdai papo hapo. Sharti lake ni moja: samaki wote utaniuzia mimi, na bei naipanga mimi. Nyavu zinaonekana rahisi, lakini malipo yake yamo ndani ya kila kilo ya sangara atakayoivua. Mvuvi mwingine amejinyima, amenunua nyavu zake na injini yake. Ameumia mwanzoni, ila jioni anaangalia nani analipa vizuri.

Biashara ya konsoli ni ya nyavu za mkopo. Kwa kawaida kisanduku huuzwa kwa faida ndogo sana, na kikiwa kipya wakati mwingine huuzwa kwa hasara. Faida inapatikana baadaye, kwa sababu gemu zote za mashine hiyo zinapita kwa mwenye mashine, naye anakata takriban asilimia 30 ya kila inayouzwa kwenye duka lake la mtandaoni. Juu yake kuna ada ya kila mwezi ya kucheza na wenzako kwenye intaneti kwa gemu nyingi za kulipia. PC ni mvuvi wa nyavu zake. Mashine inauma mfukoni, lakini hakuna ada ya kuingia mtandaoni, na maduka ni mengi: Steam, Epic, GOG na mengineyo. Ukitaka mfano wa mjini, konsoli ni soko la mlango mmoja. (Wafanyabiashara wa soko letu la Mlango Mmoja wasinielewe vibaya, nimeazima jina tu.)

Wala tusidanganyane kwamba kwenye PC hakuna tajiri. Steam nao wanaanza kwa kukata asilimia 30. Tangu mwishoni mwa 2018 makato hushuka hadi 25 gemu ikivuka mauzo ya dola milioni 10, na 20 ikivuka milioni 50. Epic walikuja mwaka huohuo na asilimia 12, wakaanza kugawa gemu za bure ili kuvuta watu. Mei 2020 waligawa GTA V, na duka lao likaelemewa kwa wingi wa watu. Tofauti ni kwamba kwenye PC matajiri wanagombana, na ugomvi wao unakufaidisha.

Ukiishika hesabu hiyo, historia yote inaeleweka, maana bahati ya PS na PC imekuwa ikipanda na kushuka kulingana na nani anamiliki mlango.

Konsoli zimewahi kufa kweli, mara moja. Mwaka 1983 soko la Marekani lilianguka kwa sababu kila mtu alikuwa anatengeneza gemu mbovu za konsoli ya Atari na hakuna aliyezichuja. Atari wakazika kaseti zao jangwani New Mexico, watu wakadhani ni hadithi, hadi zilipofukuliwa mwaka 2014. Nintendo walipoingia Marekani mwaka 1985 walikuja na kufuli: hakuna kaseti itakayocheza kwenye mashine yetu bila ruhusa yetu. Mlango mmoja ulianzia hapo kama dawa ya ugonjwa, na ulaji ukafuata.

Miaka ya 1990 ikawa zamu ya PC. Gemu ya Doom ilitoka Desemba 1993, kadi za picha za Voodoo zikaja 1996, na mtu mwenye kompyuta nzuri alikuwa anaona vitu ambavyo mwenye konsoli hajawahi kuviota. Lakini kompyuta hizo zilikuwa za nani? Mwanza ya wakati ule kompyuta ilikuwa kitu cha ofisini, kimefunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie.

Kilichofika kwetu ni PS2. Ilizinduliwa Japani Machi 2000, ikauza zaidi ya milioni 150 duniani, na hakuna konsoli iliyowahi kuuza zaidi yake. Bei yake ilianza dola 299 huko Marekani na kufikia 2009 ikawa dola 99. Hapa kwetu ikaja ya mtumba, imechipiwa, yaani imefungwa chipu ya kuikubalisha CD za kuchoma, na CD hizo zinauzwa kama karanga. Kizazi kizima kilijifunza "Winning" ya mpira na San Andreas ya ukoo wa GTA juu yake. Wakati huohuo magazeti ya nje yalikuwa yanaandika kwamba gemu za PC zinakufa: maduka yanaondoa maboksi yake rafuni, wizi wa nakala umezidi, na gemu kubwa zinaanza kwenye konsoli. San Andreas yenyewe ilitoka PS2 Oktoba 2004; wenye PC wakasubiri hadi Juni 2005.

Kilichoifufua PC ni duka. Septemba 2003 kampuni ya Valve ilizindua Steam, programu ya kununulia na kushushia gemu, na watu waliichukia. Mwaka uliofuata gemu yao ya Half-Life 2 ilipotoka, hata aliyenunua CD alilazimika kuifungulia Steam, wakazidi kuichukia. Halafu yakaja mapunguzo. Gemu ya dola 40 inauzwa 5 wakati wa sikukuu, inakaa kwenye akaunti yako, ukibadilisha mashine unaishusha tena. Hapo mwizi wa nakala akapata mshindani. Machi 2025 Steam ilivuka watu milioni 40 walio hewani kwa wakati mmoja.

Na ile sare ya 2013 ikamalizia kazi. Gemu ikishatengenezwa kwa PS4, kuihamishia PC haikuwa tena kuijenga upya. Sony, waliokuwa wakilinda gemu zao kama mboni ya jicho, walipeleka Horizon Zero Dawn kwenye PC Agosti 2020, God of War Januari 2022, na Februari 2024 Helldivers 2 ikatoka PS5 na PC siku moja.

Microsoft wamekwenda mbali zaidi, na hapa ndipo lilipotoka lile neno la "Xbox imekufa". Wao ndio wenye Windows, kwa hiyo kwao mchezaji wa PC si mtoto wa jirani. Gemu zao kubwa zimekuwa zikitoka PC na Xbox pamoja kwa miaka kadhaa. Mwaka 2023 walinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69, na gemu za kampuni hiyo ziliendelea kuuzwa PlayStation. Oktoba 2025 wakatangaza kwamba Halo, gemu iliyokuwa uso wa Xbox tangu 2001, itakuja PS5. Ni kama tajiri aliyegundua kwamba anapata zaidi kwa kuuza nyavu zake kwenye kila mwalo kuliko kukaa na mitumbwi yake mwenyewe. Xbox kama kisanduku imedhoofika, kweli. Xbox kama biashara ya gemu ipo, imebadilisha mlango.

Na PlayStation? Kufikia 2025 PS5 zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 80. Mgonjwa wa namna hiyo sijui anaitwaje.

Kuna jambo jipya, na hili ndilo linalonishangaza kuliko ubishi wa vibandani. Zamani konsoli ilikuwa inashuka bei kadiri inavyozeeka, ndiyo maana mtu wa Igoma aliweza kusubiri. PS2 ilishuka hadi theluthi. PS5 ya CD ilianza dola 499 mwaka 2020. Agosti 2025, ikiwa na karibu miaka mitano, Marekani ikapandishwa hadi 549. Xbox Series X ilianza 499 na kufikia Oktoba 2025 ilikuwa 649. Nyavu za mkopo zimeanza kupanda bei, na sharti la kumuuzia tajiri liko palepale.

Ungedhani basi PC imeshinda kwa bei. Wapi. Kadi za picha ziliadimika miaka ya 2020 hadi 2022 kwa sababu ya uhaba wa chipu na wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliozinunua kwa mamia. Sarafu ya Ethereum ilipoacha uchimbaji huo Septemba 2022, soko likapumua kidogo, kisha vikaja vituo vya kompyuta za akili mnemba. Kinachopanda safari hii ni ramu: watengenezaji wanaona afadhali wauzie vituo hivyo, na Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na ramu za Crucial walizokuwa wakiwauzia watu wa kawaida. Konsoli nazo zina ramu ndani. Mvua hii haichagui bati.

Turudi kwa kaka wa GTA 6, maana hoja yake ina nusu ya ukweli. Rockstar, watengenezaji wa GTA, walisogeza tarehe hadi 19 Novemba 2026, kwa PS5 na Xbox Series, bila kutaja PC. Ila hao ndio walivyo siku zote. GTA V ilitoka konsoli Septemba 2013, PC Aprili 2015. Red Dead Redemption 2, Oktoba 2018, kisha PC Novemba 2019. Mtengenezaji akianza na konsoli anapima mashine mbili tatu zinazojulikana. Akianza na PC anapima maelfu ya michanganyiko ya kadi na prosesa, ikiwemo laptopu yangu ya Excel. Na sitashangaa kama wanafurahi pia kwamba wapo watakaonunua mara mbili.

Mpira una hadithi ya kinyume, na wachezaji wa FIFA hawaisemi vya kutosha. FIFA 21 na 22 za PC zilikuwa za kiwango cha PS4, wakati mwenye PS5 anacheza toleo jipya. Mwaka 2022, kwa FIFA 23, PC ikapewa toleo la PS5. Tangu 2023 jina ni EA Sports FC, na ile tuliyoizoea kama PES imekuwa eFootball tangu 2021, unaishusha bure kwenye PS, PC au simu. Kwenye simu ndiko walikojaa watu wengi zaidi, Mwanza na duniani, lakini hilo tuliache.

Sasa hesabu ya huku kwetu, ambayo video za YouTube hazikuhesabii.

Gemu mpya kubwa ni dola 70, zaidi ya shilingi 160,000. Steam hawana bei ya shilingi. Tunalipa kwa dola, kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu. Upande wa PlayStation, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazohudumiwa rasmi, ndiyo maana akaunti nyingi za hapa zina anwani ya Marekani au Afrika Kusini ambayo mwenyewe hajawahi kuiona. Mei 2024 Sony walitaka wachezaji wa Helldivers 2 wa PC nao wawe na akaunti ya PlayStation, na kwa kuwa huduma hiyo haipo kila mahali, gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170. Kelele zilikuwa kubwa hata wakarudi nyuma ndani ya siku chache.

Halafu bando. Gemu kubwa ni GB 100 hivi, na kama huna faiba nyumbani, hapo ndipo CD inapomshinda kila mtu. CD ya PS4 unaicheza, ukiichoka unaibadilishana na mtu wa Mabatini kwa nyongeza kidogo, yeye anamuuzia wa Buhongwa. Hata ikidai masasisho, mzigo mkubwa umeshauweka bila kugusa bando. PC haina mzunguko huo tena. Gemu ya Steam huwezi kumuuzia mtu, na tangu Oktoba 2024, kwa ajili ya sheria ya California, Steam wanakuandikia waziwazi wakati wa kulipa kwamba unanunua leseni. Wenye PS wasicheke sana: PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila sehemu ya CD, unainunua kando. Mzunguko wa Mabatini unafungwa taratibu.

Wapo watakaosema PC gemu ni bure, unawekewa kwenye flashi. Zipo, na virusi vyake vipo, na mtandaoni huingii. Ukihesabu kompyuta za watu nilizoziona zikifutwa kila kitu na kuanza upya kwa sababu ya flashi moja, bure hiyo ina bei.

Kwa anayetaka kujaribu PC kwa fedha ndogo, njia inayofanya kazi ni kompyuta ya mezani iliyotumika maofisini huko nje, kisha kuiongezea kadi isiyohitaji waya wake wa umeme, kama zile GTX 1050 Ti au GTX 1650 zisizo na tundu la waya, ambazo zinakula hadi wati 75 na kuzipata kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Angalia mambo mawili kabla hujatoa hela. Kasha likiwa jembamba, kadi ya kawaida haiingii, unahitaji fupi. Na pawasaplai (kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme) za ofisini nyingi hazina nguvu wala waya wa kadi kubwa, kwa hiyo usidanganywe na kadi kubwa ya bei rahisi. GTA V itacheza, kwa mipangilio ya kati.

Nilimpelekea mwenye kibanda hesabu hii yote. Alinisikiliza vizuri, kisha akanieleza ya kwake, ambayo sikuwa nimeifikiria. Kibandani PS inawashwa na mtoto wa miaka minane na haina pa kupotelea. PC itafunguliwa YouTube, itachomekwa flashi za watu, na kila siku atakuwa anaitwa. Lakini PS asubuhi wakati watoto wako shule ni sanduku linalokaa tu, na PC asubuhi inachapa CV.

Alinunua PS4 moja ya mtumba yenye sehemu ya CD, na kompyuta moja ya ofisini, bila kadi ya picha, kwa ajili ya kuchapa. Nilipopita wiki iliyopita, asubuhi kompyuta ilikuwa na foleni ya watu wa barua za kazi. Jioni ilikuwa na foleni nyingine. Vijana walikuwa wameiwekea San Andreas, ile ya 2005, isiyotaka kadi wala masasisho. PS3 yenye pedi ya mpira wa baiskeli ilikuwa imezimwa. CD zake zimejaa boksi zima pale chini ya meza, na hakuna hata moja inayokubali kwenye PS4.